Bonzini, Tornado au meza ya Kiitaliano? Wachezaji wanalalamikia nini, na wewe ununue ipi

Anayetaka kununua meza ya soka la mezani huanza na bei, kisha rangi, kisha anauliza kama ina sehemu ya kuwekea glasi. Wachezaji waliokomaa hawaanzii hapo. Wao hushika mpini, huubana mpira chini ya mguu wa mshambuliaji wa kati, huuvuta kidogo kulia, kidogo kushoto, na muda mfupi tu wanakuwa wameshajua kama meza inafaa. Naamini wao ndio wa kusikilizwa. Kwa hiyo meza hizi nimezilinganisha kwa malalamiko ya wanaozichezea: nini kinawaudhi, kiwanda kimekirekebisha vipi, na marekebisho hayo nayo yamezaa lalamiko gani jipya.

Kwanza lieleweke kwamba hakuna meza moja rasmi duniani. Mwingereza Harold Searles Thornton alipata hataza ya mchezo huu mwaka 1923. Huko Hispania, Alejandro Finisterre, aliyejeruhiwa Madrid wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliwaona watoto majeruhi wasioweza tena kukimbilia mpira, akabuni meza yake na kuisajili mwaka 1937. Kila nchi ikaendelea na fundi wake na ladha yake. Shirikisho la kimataifa la soka la mezani, ITSF, lilipoundwa mwaka 2002, halikuchagua meza moja na kuzitupa nyingine. Lilikubali kadhaa: Bonzini ya Ufaransa, Tornado ya Marekani, Garlando na Roberto Sport za Italia, Leonhart ya Ujerumani. Bingwa wa kweli anatakiwa awe hodari kwenye zaidi ya moja. Mbelgiji Frédéric Collignon anaheshimiwa sana kwa sababu hiyo hiyo: ameshinda kwenye meza za tabia tofauti.

Kwa mnunuzi, hii ina maana kwamba hachagui tu samani imara. Anachagua mchezo wenyewe utakavyochezwa.

Mpira, uso wa meza na mguu wa sanamu

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, kwa kuwa vitu hivi vitatu haviachani. Mtu anaweza kukusifia uso wa meza bila kukuambia unachezewa mpira gani, na sifa hiyo haina faida yoyote.

Bonzini ni kampuni ya tangu 1927, na B90 ndiyo meza yake inayojulikana mashindanoni. Uso umetandikwa linoliamu. Kwa desturi ya Wafaransa, mpira ni wa koki, yaani ganda lile lile linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Koki ikikanyagwa juu ya linoliamu inashika. Unaweza kuuegemea mpira kwa mguu wa sanamu, ukaukokota, ukampasia mwenzake wa pembeni kwenye chuma hicho hicho (fimbo inayobeba sanamu), bila mpira kuteleza na kukimbilia kwa adui. Kelele pia ni ndogo, jambo ambalo wenye mikahawa na majirani wanalijali kuliko tunavyodhani. Sanamu zake ni za aloi ya alumini, nzito mkononi, na pigo lake lina kishindo.

Lalamiko la Bonzini ni uchakavu. Koki inapoteza umbo. Mpira uliochezewa sana hauviringiki sawa na mpya, na mechi moja inaweza kuchezwa kwa mipira miwili yenye tabia mbili. Linoliamu nayo inalika pale ambapo mpira unabanwa kila siku, mbele ya washambuliaji. Uzuri ni kwamba inaweza kutandikwa upya. Lakini lazima kuwe na mtu wa kuitandika, na mahali pa kuipata.

Tornado, ya Texas, imetoka kwenye historia nyingine kabisa. Katika miaka ya 1970 Marekani ilikuwa na mashindano ya fedha nyingi. Lee Peppard na kampuni yake ya Tournament Soccer walizunguka nchi nzima wakigawa zawadi ambazo leo zinashangaza. Penye fedha, mchezaji hataki bahati. Anataka meza ya Denver ifanane na meza ya Dallas, na pigo alilofanyia mazoezi nyumbani limtii ukumbini. Kampuni ile ilifilisika mwaka 1981, ila matakwa ya wachezaji hayakufa nayo, na Tornado ndiyo iliyokuja kuyabeba. Uso wake ni mgumu, wa laminati, yaani ubao uliofunikwa tabaka gumu, umenyooka kabisa. Mpira una ukwaru kidogo. Mguu wa sanamu una kingo za mraba na umechorwa mistari iliyokatizana ili ushike. Matokeo yake, unaweza kuubana mpira kwa mbele, kwa nyuma, hata kwa kona ya mguu, na ukabaki pale pale unapotaka.

Meza hii ndiyo iliyokuza pigo linaloitwa nyoka. Mshambuliaji anaubana mpira kwa mbele, anauachia mpini kutoka vidoleni na kuulaza kwenye kifundo cha mkono, anausogeza mpira pembeni, halafu ghafla mpini unaviringika juu ya kiganja na mguu unazunguka kuupiga mpira kutoka nyuma. Mzunguko hauvuki mmoja, kwa sababu kanuni za ITSF zinakataza chuma kuzunguka zaidi ya nyuzi 360 kabla au baada ya kugusa mpira. Ukiona mtu mzoefu akilipiga, huoni mpira. Unasikia tu sauti ya goli.

Na hapo ndipo wanapolalamika wasioipenda Tornado. Wanasema mchezo unageuka kuwa wa kusubiri: mmoja ameubana mpira, mwingine anabahatisha upande. Kanuni zimejaribu kuliponya hilo kwa kuweka kikomo cha sekunde 10 kwenye chuma cha viungo watano na sekunde 15 kwenye vyuma vingine. Wapo wanaoona haitoshi. Mimi nadhani lalamiko hilo ni la kweli kwa mtazamaji kuliko kwa mchezaji, maana anayelinda lango pale anafanya kazi kubwa sana: anahamisha walinzi, anafungua mwanya wa uongo, anaufunga.

Meza za Kiitaliano, Garlando na Roberto Sport, zina mwendo. Nyingi zina uso wa kioo kilichokwaruzwa, na mpira mgumu zaidi unaovuma juu yake. Kuubana mpira kwenye kioo kunahitaji mkono mwepesi. Ukikandamiza mno, unachomoka. Mchezaji aliyezoea Tornado huja hapa na kulalamika kwamba mpira hautulii. Aliyelelewa hapa hulalamika kwamba Tornado inanata. Wote wanasema kweli. Kwa watu ambao hawatafanya mazoezi ya kubana, yaani vijana wa hosteli au wafanyakazi wakati wa chakula cha mchana, mwendo huu unafurahisha, kwa kuwa mpira hausimami na kila mtu ana la kufanya. Tena kioo hakipindi. Nitalirudia hili nikifika kwenye unyevu.

Leonhart nitaipitia haraka: inachezewa sana Ujerumani, ina kipa mmoja na uso unaoshika vizuri, na wengi huiweka katikati, tulivu kuliko za Italia na laini kuliko Tornado. Mwenye kuipata hapati meza mbaya.

Kona, na mpira unaokufa

Lalamiko la zamani kuliko yote ni la mpira kusimama mahali ambapo hakuna sanamu inayoufikia. Mchezo unakatika, mtu anaingiza mkono, ubishi unaanza: uwekwe wapi?

Viwanda vimelijibu kwa njia mbili kuu. Meza za Ulaya zina sanamu 11 kila upande: kipa mmoja, walinzi wawili, viungo watano, washambuliaji watatu. Kipa mmoja hafiki kwenye kona, kwa hiyo kona zimeinuliwa ili mpira uteremke wenyewe na kurudi mchezoni. Tornado imeacha uso wote umenyooka, ikaweka sanamu tatu kwenye chuma cha kipa, jumla 13. Wale wawili wa pembeni wanasafisha kona. Wahispania walikwenda mbali zaidi: uso wa meza yao umepinda, umeinuka pembeni, na mpira unapenda kurudi katikati.

Ipi bora? Mimi naegemea makipa watatu, na sababu yangu ni hii. Kona iliyoinuliwa ina ukingo, na mpira unaopita kwenye ukingo huo unaweza kuruka au kubadili njia bila kosa la mtu yeyote. Mlinzi aliyepanga pasi ya ukutani anaipoteza. Kwenye meza iliyonyooka, njia ya mpira inategemea aliyeupiga. Lakini makipa watatu wanataka kujifunza. Anayeanza huwasahau wale wawili, na mara nyingi hujifunga kwa kugonga mpira na sanamu ya pembeni. Kwa watoto, kona za kuinuka zina huruma zaidi.

Kuna lalamiko dogo linalofanana na hili: mpira unaoingia golini, ukagonga ukuta wa nyuma na kurudi uwanjani. Kanuni za ITSF zinasema ni bao. Mikahawa ya Ufaransa ina hesabu zake za kienyeji kuhusu mpira huo, na ukicheza huko uulize kwanza. Ila mnunuzi anaweza kulimaliza kabla halijaanza: apige mpira kwa nguvu dukani na kuangalia kama goli linaumeza au linautapika. Linaloutapika litakuletea ugomvi.

Vyuma: usalama dhidi ya wepesi

Chuma cha kawaida kinapita meza nzima. Ukikisukuma kutoka kwako, kinatokeza upande wa pili, na mtoto mwenye kimo cha meza anaweza kupigwa usoni au kifuani. Wafaransa wana jibu la kudumu: chuma cha kuingiana, ambapo bomba moja linateleza ndani ya jingine na hakuna kinachochomoza kwa jirani. Bonzini inatumia mfumo huo.

Wachezaji wa mashindano waliotoka meza nyingine huulalamikia. Chuma cha kuingiana kina msuguano zaidi, na kikiingia vumbi kinakuwa kizito. Tornado inatumia vyuma vyenye uwazi ndani vinavyopita moja kwa moja, vyepesi, vinavyoitika haraka mkono unapobadili mwelekeo. Wepesi huo ni mtamu. Hata hivyo, penye watoto sitamshauri mtu achague wepesi kuliko macho ya mtoto. Shule, kituo cha vijana, ua wa kanisa au msikiti: chukua vyuma vya kuingiana, au simamia kila mechi.

Uwazi wa ndani una bei yake. Bomba lenye ukuta mwembamba hupinda mtu akiliegemea, na chuma kilichopinda hakirudi kuwa kama kilivyokuwa. Meza za bei ya chini huuzwa zikiwa na vyuma visivyo na uwazi ndani, vizito, ambavyo havipindi lakini vinamchosha mchezaji mkono. Usikubali kuambiwa kwamba uzito huo ni ubora.

Halafu angalia bushi, zile plastiki ambamo chuma kinapita ukutani. Zikilika, chuma kinacheza juu na chini, na pigo halinyooki tena. Wachezaji na mafundi walichoomba miaka mingi ni bushi inayofunguka vipande viwili, ibadilishwe bila kung'oa sanamu zote. Uliza swali hilo moja dukani: bushi hii inabadilishwaje? Muuzaji asiyejua jibu hajawahi kuitengeneza meza anayoiuza.

Sanamu inayolala pale ulipoilaza

Jambo hili linaonekana dogo. Ukicheza peke yako dhidi ya mmoja, una mikono miwili na vyuma vinne. Ukishambulia, walinzi na viungo hubaki wameachwa. Kwenye meza ya kawaida miguu yao inaning'inia chini, na pigo lako mwenyewe kutoka nyuma linagonga viungo wako. Wachezaji walidai sanamu inayoweza kuachwa imelala na ibaki imelala. Tornado ilifanya kichwa kiwe na uzito wa kutosha kulingana na miguu, ili sanamu isimame kwenye pembe yoyote unayoiacha. Ukishazoea, huwezi kurudi nyuma kwa furaha. Ikiwa meza yako itachezewa zaidi na watu wawili kuliko wanne, tafuta hili kabla ya urembo wote.

Jinsi sanamu ilivyofungwa nayo ni muhimu. Kwenye baadhi ya meza za Italia sanamu zimeyeyushiwa moja kwa moja kwenye chuma. Hazilegei kamwe, na kwenye baa yenye vurugu hiyo ni faraja. Lakini moja ikivunjika unanunua chuma kizima. Sanamu ya pini au ya skrubu inalegea mara kwa mara, nawe unaifunga tena kwa dakika moja. Penye duka la vipuri karibu, tofauti ni ndogo. Mwanza au Lubumbashi, ni kubwa mno.

Mipini sitaisemea sana. Wenye mazoea huvaa glavu au hufunga utepe wao wenyewe, kwa hiyo mpini mbaya si sababu ya kukataa meza nzuri.

Nani achukue ipi

Unayetaka kucheza kwa dhati, kufanya mazoezi, pengine siku moja kwenda mashindanoni, na una chumba chenye sakafu iliyo sawa: Tornado, au Leonhart kama uko Ulaya ambako ni rahisi kuipata. Uzito wa Tornado ya mashindano unazidi kilo 100, na hilo ni jema, meza haitembei watu wakipiga. Lakini panga mapema nani ataipandisha ngazi.

Shule, maktaba, kituo cha vijana, nyumba yenye watoto wadogo: Bonzini, au meza nyingine yoyote yenye vyuma vya kuingiana na mpira wa koki. Ukimya na usalama vinashinda hoja nyingine zote hapo, na watoto watajifunza kuutuliza mpira mapema.

Baa, hosteli, ofisi, mahali ambapo watu hubadilishana bila kufahamiana: Garlando au Roberto Sport yenye uso wa kioo. Inavumilia kumwagikiwa, inafutika, inaleta kelele za furaha.

Ikiwa bajeti yako inafika kwenye meza nyepesi ya dukani tu, ya ubao mwembamba, fanya jaribio moja. Tandaza uzi ukiwa umekazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu kabisa ya uso wa uwanja. Ukiona mwanga unaongezeka katikati, ubao umebonyea, na mpira utakuwa unakusanyika hapo maisha yote. Hakuna pima maji itakayokuokoa, kwa sababu miguu inanyooshwa na ubao haunyooki. Ni afadhali kununua iliyotumika ya kiwanda kizuri.

Kwa wa pwani, na kwa fundi seremala

Mombasa, Tanga, Unguja: unyevu wa chumvi ni adui wa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) na wa chuma kwa pamoja. MDF isiyozibwa kingo inavimba kuanzia pale palipokatwa, kwenye matundu ya bushi na kwenye mdomo wa goli. Hapa ule uso wa kioo wa Waitaliano unashinda bila ubishi. Vyuma vifutwe kwa kitambaa kikavu baada ya kucheza na vipakwe silikoni kidogo. Mafuta ya kupikia na grisi hukusanya vumbi na kugeuka msasa ndani ya bushi.

Bujumbura, Goma na Bukavu, mafundi wanatengeneza meza za babyfoot, kama soka la mezani linavyoitwa kwa Kifaransa, za mbao ngumu zinazokaa barazani na kuchezewa kutwa. Zina sifa ambayo viwanda vingi havina: zinatengenezeka kwa misumeno na misumari iliyopo mtaani. Fundi anayetaka wachezaji wafurahi zaidi aanze na nafasi kati ya sanamu, maana kosa hilo ndilo linalozaa mpira unaokufa, na kulirekebisha hakugharimu kitu.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua upana wa uwanja, ondoa nafasi inayoliwa na raba za kuzuia kwenye ncha zote mbili za chuma, kisha gawanya kwa idadi ya sanamu zilizopo kwenye chuma hicho. Jibu ndiyo nafasi kubwa kuliko zote unayoweza kuacha kati ya sanamu na sanamu. Uwanja wa sentimita 68, vizuizi vikila 6 kwa jumla, unabaki na 62. Viungo watano: wasizidi sentimita 12 hivi. Washambuliaji watatu: wasizidi 20 na nusu. Ukizidisha, patakuwa na mstari ambao hakuna mguu unaoufikia, hata chuma kikisukumwa hadi mwisho.

Kwa urefu, vyuma vinane kwenye uwanja wa sentimita 120 vinaachana takriban sentimita 15. Miguu ya sanamu iwe mirefu kiasi cha kufika karibu nusu ya nafasi hiyo ikiinuliwa mbele, na bado ipite chini bila kukwaruza uso. Kabla ya kupigilia chochote, weka mpira kila mahali kwenye ubao na uvute chuma. Ukishindwa kuufikia, sogeza sasa.

Na anayeagiza meza kutoka nje aagize siku hiyo hiyo bushi za ziada seti nzima, sanamu mbili za kila rangi, pini zake, na mipira ya kutosha ya aina ile ile iliyokuja na meza. Mpira wa aina nyingine utaibadilisha meza uliyoilipia kuwa meza usiyoichagua.